Vidonge vya Chungu Kimoja

Simu ilinikuta ng'ambo ya Songwe, upande wa Malawi, nikipakia magunia ya pumba kwa mtu niliyemjua tangu asubuhi tu. Sauti ilisema: "Rudi. Mama yako anachemka, na safari hii simwelewi."

Nilisimama na gunia begani. Kilichonishtua zaidi ya habari yenyewe kilikuwa mpigaji. Alikuwa mama mdogo, mke wa pili wa baba yangu, mtu ambaye kwa miaka mingi hakuwahi kukanyaga kizingiti cha mama yangu. Nyumba zao ziko Ikolo, wilayani Kyela, katika shamba moja la migomba, moja huku na nyingine kule. Baba alipokuwa hai alikuwa akitembea katikati yao kama mtu anayepita mpakani. Alipofariki, njia ile iliota majani.

Wote wawili wana matende. Mama mguu wa kulia, mama mdogo wa kushoto. Vijana wa kanisani wana msemo wao: wakikaa benchi moja, wana jozi moja ya miguu mizima na jozi moja ya mibovu, kwa hiyo hakuna kilichoharibika. Lakini walikuwa hawakai benchi moja. Kila mmoja aliamini kwamba mwenzake ndiye aliyemtegea kitu njiani, akakikanyaga, mguu ukavimba. Nilikua nikilisikia hilo kama watoto wengine wanavyosikia habari za mvua.

Nilivuka mto mchana ule ule. Mimi ni mtu wa kuvuka. Shule niliiacha darasa la sita, na tangu hapo nimekuwa kuli bandarini Itungi, nimechimba dhahabu Chunya, nimechanganya zege Bondeni mjini, nimevunja kokoa katika mashamba ya watu. Mama husema nina miguu ya kuazima, ndiyo maana siionei huruma. Popote nilipofika nilisoma kilichokuwapo: gazeti lililofungia maandazi, maandishi ya mfuko wa mbolea, na zaidi ya yote vile vikaratasi vinavyokunjwa ndani ya boksi za dawa. Hivyo nilivisoma hadi mwisho, hata palipoandikwa kwa Kiingereza, nikikisia.

Nilimkuta mama chini ya mablanketi, jua likiwa linaunguza bati, naye anatetemeka kiasi kwamba kitanda kilikuwa kinalia. Mguu ulikuwa mwekundu, unang'aa, ngozi imekazwa kama ya ngoma. Mtoki umemvimba kwenye kinena. Mama mdogo alikuwa ameketi sakafuni, mguu wake mwenyewe ameunyoosha mbele, anakamua kitambaa kwenye beseni.

"Umekuja," aliniambia. "Mwambie mama yako anywe uji. Mimi ananibishia kana kwamba bado tunagombania mume."

"Uji wako hauna chumvi," mama alisema kutoka chini ya blanketi, meno yakigongana.

Homa ile ilishuka polepole, kwa dawa za zahanati. Ndipo waliponisimulia yaliyotokea nilipokuwa sipo, kila mmoja akimkatiza mwenzake.

Watafiti walikuwa wamekuja kiangazi, wakapewa chumba pale zahanati. Walimtoboa kila mtu kidole, wakadondoshea tone la damu kwenye kipande kidogo cha plastiki, wakangoja mstari utokee. Zamani damu ya matende ilichukuliwa usiku tu, maana vijinyoo vichanga hujificha mchana. Sasa tone la mchana lilitosha. Baadaye daktari wao, kijana wa mbali mwenye Kiswahili cha mjini, aliwaeleza. Ugonjwa huu unaletwa na mbu. Mbu anaacha mdudu, mdudu anakuwa mnyoo mwembamba kama uzi, unakaa katika mishipa inayorudisha maji ya mwili. Mishipa ikiharibika, maji hayana pa kupita, yanabaki mguuni. Na mnyoo ukifa, uharibifu unabaki.

"Kwa hiyo ni mbu," mama aliuliza.

"Ni mbu, mama."

"Si kitu cha kukanyaga?"

"Hakuna cha kukanyaga."

Kisha mama mdogo akageuka kwenye benchi. "Ha! Miaka yote nimepitia nyuma ya choo chako kwenda kisimani, nisikanyage vitu vyako. Kumbe ningepita mbele tu."

"Na mimi nilichoma ufagio," mama alisema, "kwa sababu uliushika. Ufagio mpya!"

Walicheka mpaka nesi akaja kuangalia. Kisha mama mdogo akalia, mama akamwambia anyamaze, watu watafikiri amekutwa na mimba. Walirudi nyumbani pamoja. Tangu siku ile walipika jiko moja.

Homa ilipoisha kabisa, mama akaulizwa kama yeye na mwenzake wako tayari kuingia katika utafiti wa dawa. Niliwasindikiza, kwa sababu nilitaka kusikia. Daktari alieleza kwamba ndani ya ule mnyoo mna vijidudu vidogo zaidi, ambavyo mnyoo hauwezi kuishi bila hivyo. Kuna dawa ya kuviua. Wanachotaka kujua ni kama dawa hiyo inaweza pia kumsaidia mtu ambaye mguu umeshavimba, uvimbe upungue na homa zisirudi.

Nilisahau kilichonileta. Mgeni ndani ya mgeni! Nilimwuliza vijidudu hivyo vimeingiaje, mnyoo unaishi muda gani, kama unaona, kama unasikia. Akanijibu yote, hata niliyouliza mara mbili.

"Umesoma mpaka wapi?" akaniuliza.

"Darasa la sita."

"Ungeendelea."

"Nilikuwa na haraka."

"Ya kwenda wapi?"

Akaendelea na kina mama. Aliwaambia polepole, na nitasema mbele ya yeyote kwamba hakuwaficha. Baadhi ya washiriki watapata dawa. Wengine watapata kidonge kisicho na dawa yoyote, kivuli tu cha kidonge, rangi ile ile, ukubwa ule ule. Yeye mwenyewe hajui nani kapata nini. Nesi hajui. Inajua kompyuta iliyo mbali.

"Wewe daktari hujui dawa unayotoa?" mama mdogo alishangaa.

"Nikijua, mama, nitaona ninachotaka kukiona. Nitasema mguu wako umepungua kwa sababu natamani upungue."

Maneno hayo niliyabeba kichwani kwa siku nyingi. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mtu anaweza kujifunga macho kwa makusudi ili aone vizuri.

Walikubali wote wawili. Kila mmoja alipewa chupa yake yenye namba yake. Walifundishwa pia kuosha mguu kila siku kwa sabuni na maji safi, kukausha katikati ya vidole, kupaka dawa kwenye michubuko, kulala mguu ukiwa juu. Homa zile, daktari alisema, huingilia kwenye nyufa ndogo za ngozi, na kila homa inaacha mguu mkubwa kuliko ulivyokuwa. Akamwangalia mama. "Wewe umepata nyingi. Usipate nyingine."

Nilijitolea kumwosha. Mama alikataa. Mtoto wa kiume aliyetoka tumboni mwake hatamshika mguu mpaka gotini, alisema, hata kama dunia imeisha. Mama mdogo akavuta kigoda, akaupakata mguu wa mama kama mtu anayepakata mtoto wa jirani, na akaanza. "Mguu huu mzito," alisema. "Ndiyo maana mume alikimbilia kwangu."

"Alikimbilia kwako kwa sababu alikuwa haoni vizuri," mama alisema.

Mambo ya vidonge niliyagundua asubuhi moja baada ya mama kuoshwa mguu. Mama mdogo alileta chungu kidogo chenye mfuniko, cha udongo wa Wakisi, walichokuwa wamekinunua mnadani kwa akina mama wanaofinyanga vyungu kule ufukweni mwa ziwa. Alikitikisa kama mtu anayechambua maharage. Kisha kila mmoja akafumba macho, akaingiza vidole, akatoa kidonge, akameza.

"Mnafanya nini?" niliuliza.

"Tunakunywa dawa," mama alisema.

"Chupa ziko wapi?"

"Tulimimina humu. Mwenye dawa na mwenye kivuli, vyote humu. Sasa hakuna atakayekosa."

Nilikaa chini. Niliwaambia dawa si ugali. Kidonge cha leo kinahitaji cha jana na cha kesho, kimoja kikikosekana vijidudu vinapumua. Nusu ya dawa si dawa.

"Nusu ya ugali si ugali?" mama aliuliza.

"Mama, si sawa."

"Nisikilize, baba. Tuseme dawa ni yangu, yake kivuli. Mimi nipone, nipite mlangoni kwake na mguu wangu mzuri, yeye akiniangalia? Au iwe yake. Mimi nimtazame nikiwa na mguu huu? Tumetoka huko. Sirudi."

Kwetu kuna neno ukwangala. Maana yake ni kukaa na wenzako, kula na kunywa na kucheka pamoja, bila mtu kujitenga na chake. Mwenye kufunika chungu chake akala peke yake, hata awe mwema namna gani, kijiji kinaanza kumhesabia vifo kama mchawi. Mama yangu na mama mdogo waliishi muda mrefu bila huo ukwangala, na walijua inavyokuwa. Ukimpa mtu aliyetoka huko chupa yenye namba yake peke yake, umempa kitu ambacho hajui mahali pa kukiweka.

Nilibishana nao siku ile na zilizofuata. Nilichora mchanga kwa kijiti: mnyoo, vijidudu, dawa. Mama mdogo alisema mnyoo wangu unafanana na mchungaji. Waliendelea na chungu chao.

Walikuja kugunduliwa kwa herufi chache tu, 'tu' mahali pa 'ni'. Kila walipokwenda zahanati, nesi alimwuliza mama, "Mmekunywa dawa?" na mama akajibu, "Tumekunywa." Nesi ni Mnyakyusa kama sisi. Huku mtu mzima hasemeshwi kama mmoja, na wengine hata wao wenyewe hujisema kwa wingi. Kwa hiyo nesi alisikia heshima, akaandika ndiyo. Siku moja nesi alikuwa na msiba, daktari akauliza mwenyewe.

"Umekunywa dawa, mama?"

"Tumekunywa."

Yeye ni wa mbali. Alinyanyua kichwa. "Wewe na nani?"

"Na mwenzangu."

"Kila mtu kwenye chupa yake?"

"Chupa tulitupa. Zilikuwa zinatutenganisha."

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. "Mama, mmevichanganya?"

"Vizuri kabisa," mama alisema kwa fahari. "Kila siku tunatikisa."

Hakugomba. Afadhali angegomba. Alitoka nje, akasimama karibu na tangi la maji na simu sikioni muda mrefu, akarudi. Hawezi kuwapa vidonge vingine, alisema. Wakubwa wake wamekataa, na wana haki, maana hakuna ajuaye tena ndani ya miili hii miwili mna nini. Kunawa miguu waendelee, sabuni watapewa, na akipata homa mama aletwe haraka.

Nilimfuata hadi kwenye gari lao. Nilimwomba anifungulie siri. Nilitaka kujua jambo moja tu, chupa ya mama ilikuwa ya namna gani. Kama ilikuwa ya dawa, basi amekunywa nusu, atafutiwe iliyobaki. Kama ilikuwa kivuli, aanze upya.

"Sijui," alisema.

"Piga simu."

"Siri haiko Kyela, ndugu yangu. Na hata ningeijua, dawa hii kwa mguu wa mama yako bado ni swali. Ndiyo maana tuko hapa. Ningekuwa na jibu nisingefanya utafiti."

"Mama yangu si swali."

"Najua," alisema, na akatazama chini.

Nilikwenda Bondeni, nikaweka bando, nikakaa kwenye benchi la mtu anayechaji simu, nikasoma kila nilichoweza kupata kuhusu dawa ile. Nilitafsiri neno baada ya neno. Nilidhani nikifika mwisho nitakuta jibu, kama katika vikaratasi vya boksi: kunywa hivi, usinywe hivi. Nilikuta watu wengi wenye akili wanaoandika "huenda" na "inaonekana" na "utafiti zaidi unahitajika". Wengine waliona miguu inapungua. Wengine waliona kwamba walioosha miguu tu nao walipata nafuu. Nilisoma hadi macho yakauma. Watu wale hawakuwa wanadanganya, na ndilo lililoniumiza. Mganga wa kienyeji angenipa jibu kabla sijakaa vizuri. Hawa waliojifunga macho ili waone, walikuwa bado hawajaona.

Masika yakaja. Kyela ikijaa maji inajaa kweli: mashamba ya mpunga, uwanja, njia ya choo. Nyufa za vidole vya mama hazikukauka hata mama mdogo alipozipepea kwa ungo. Siku moja mchana mama aliacha kumtania mwenzake. Tulipomgusa, alikuwa moto.

Bodaboda ilitubeba watatu, mama katikati, mimi nyuma nimeukumbatia ule mguu usigonge. Maji yalifika kwenye ekzosi. Hospitali walimtundikia dripu, wakampima damu, wakasema uchafu umeshapita mguuni, umeingia mwilini mzima, na figo zinasuasua. Mama mdogo alifika baadaye kwa miguu, amelowa hadi kiunoni, kabeba uji.

"Una chumvi?" mama aliuliza.

"Imezidi," mama mdogo alisema, akaukoroga.

Siku homa iliposhuka kidogo, mama mdogo akiwa ameenda kufua, mama aliniita karibu. Alikuwa amebaki macho na mguu.

"Wale watu wa vidonge. Wana jibu lao?"

"Bado, mama. Siku moja watafungua, watajua kila chupa ilikuwa na nini."

"Watakuambia?"

"Nimewaomba waniambie."

"Usikubali."

Nilifikiri homa imerudi. Akanishika mkono.

"Kama dawa ilikuwa yangu, mwenzangu atajua kwamba alikula uhai wangu. Kama ilikuwa yake, mimi ndiye niliyemla, na mguu wake nao haujapona. Tulitoka katika hayo kwa sababu ya mbu. Sasa itakuwa sisi tena. Hakuna wa kumsingizia."

"Lakini mama, huenda ingesaidia kujua."

"Wewe unapenda kujua tu," alisema. "Hata kama hakuna wa kusaidiwa."

Alirudi nyumbani, lakini kutembea hakurudi. Tuliinua kitanda upande wa miguu kwa matofali. Mguu ulikuwa mkubwa kuliko mwanzo, kama daktari alivyoonya, ngozi imekuwa ngumu na mikunjo ambayo mama mdogo aliifungua mmoja mmoja akikausha ndani yake. Sikuondoka. Watu waliniita kwenda Chunya, wakaniita kwenda ng'ambo, nikawaambia baadaye. Sijawahi kukaa mahali pamoja muda mrefu hivyo, na sikujua kwamba kukaa kunachosha hivi.

Kiangazi kilipoanza daktari alinipigia. Nilikuwa nje ninaanua kokoa mkekani. Alisalimia, akauliza hali, nikamwambia ilivyo.

"Siri imefunguliwa," alisema. "Naruhusiwa kuwaambia washiriki. Na kwa kuwa uliniomba sana..."

Kila nilichowahi kutaka kujua maishani hakikufikia hiki. Nilimwuliza kwanza kama sasa mama anaweza kupewa dawa yenyewe, dozi kamili. Akasema bado wanapima matokeo, na kwa figo zake hangeweza kuahidi, huenda ingemdhuru.

"Huenda," nilisema.

"Huenda. Samahani."

"Basi usiniambie."

"Una hakika? Ni neno moja tu."

Nilimwambia ndaga, yaani asante, nikakata simu haraka kabla sijabadilika. Hata leo ninapoandika, namba yake ninayo.

Mama mdogo aliniita kutoka ndani. Si kwa sauti ya kuita chakula. Nilikuta amepiga magoti kando ya kitanda, beseni limemwagika, kiganja chake kimelala juu ya goti la mama.

"Shika hapa," aliniambia. "Shika wewe. Mimi mikono yangu ina maji, huenda sijahisi vizuri."

Mama hakukataa. Niliweka mkono juu ya mguu wake kwa mara ya kwanza. Ulikuwa wa moto.

"Kaite pikipiki," mama mdogo alisema, naye tayari alikuwa anatafuta kanga ya kumfunikia.